Fleti ya Mwenye Ripoti Safi

Zamani hapa Ibra, Oman, ukitaka nyumba ya kupanga uliulizwa swali moja tu: wewe mtoto wa nani? Ukishamtaja baba na babu, na kijiji walichotoka kabla ya kwenda Unguja, mwenye nyumba anafumba macho kidogo, anakumbuka babu yako alikuwa mtu au alikuwa mwizi, basi. Unapewa ufunguo au unaambiwa nyumba imeshachukuliwa. Ulikuwa uonevu, sikatai. Lakini ulikuwa uonevu tuliouzoea. Siku hizi wanataka ripoti.

Ripoti yenyewe unaiagiza kwenye simu. Unatia nambari ya kitambulisho, unalipa kidogo, inakuja karatasi inayosema mikopo yako yote, umekopa wapi, unalipa kwa wakati au unachelewesha. Ilitengenezwa kwa ajili ya mabenki. Lakini hebu mpe mwenye nyumba kitundu cha kuchungulia, uone kama hatachungulia.

Mie nilitakiwa ripoti mwaka ule niliotoka katika ndoa kwa khului. Kwa asiyejua, khului ni mwanamke kujikomboa: unarudisha mahari, unasamehe haki zako, mume anakuachia uende. Ningesubiri aniache mwenyewe, mahakama ingemlazimisha kumpatia mwanawe nyumba na matumizi. Sikusubiri. Nilikuwa nishachoka hata kusikia kikohozi chake mlangoni. Nikasamehe kila kitu, nyumba, matumizi, vyombo, hata mashine ya kufulia niliyoinunua kwa pesa zangu, nikatoka na binti yangu na masanduku ya nguo, tukaenda kukaa kwa kaka yangu.

Kaka yangu mtu mwema, ila nyumbani kwake hana sauti. Mwenye sauti ni mkewe. Hakutufukuza, la. Alikuwa akiingia chumbani kwetu na futi ya kushonea, anapima dirisha kwa ajili ya mapazia mapya, huku anasema, "Kaeni, kaeni wifi yangu, napima tu." Alipima dirisha lile likizo nzima ya shule. Dirisha halikukua hata inchi.

Wazee wa pande mbili wakakutana, wakakata shauri. Shule zikifunguliwa, mtoto lazima awe na makazi yanayojulikana. Nikiwa nimepata nyumba yangu, atakaa na mimi. Sijapata, ataenda kwa baba yake. Kila mtu akasema hiyo ndiyo haki, na mimi nikaitikia. Binti yangu alikuwa na miaka tisa, bado akilala anashika nywele zangu ndipo usingizi umchukue. Nilikuwa na mshahara wa serikali, nasomesha huko Dima wa Tayyin, napanda mlima asubuhi nashuka mchana. Nikasema moyoni, fleti tu? Fleti ni kitu gani?

Ala! Nikaijua fleti ni kitu gani. Mwenye nyumba wa kwanza akaniuliza mwanamme wangu yuko wapi. Nikamwambia hayupo. Akasema basi akija tuje pamoja. Wa pili alikuwa na adabu zaidi, akasema yeye hana neno, ila wapangaji wake wengine wana wake, na wake zao hawatapenda. Hawatapenda nini? Mwanamke anayerudi kutoka kazini na daftari za wanafunzi kwapani, amechoka hata kuvua viatu? Nilimjibu jambo ambalo siliandiki hapa.

Ndipo nikaelekezwa kwa bi mkubwa mmoja, mtu wa kwetu hasa. Kazaliwa Unguja kama marehemu mama yangu, walisoma chuo kimoja cha Kurani, wakachapwa na mwalimu mmoja, wakaja Oman mmoja baada ya mwengine hawana mbele wala nyuma. Mumewe alikuja kupata, akamwachia ghorofa zima nyuma ya soko. Kiswahili chake hakijaguswa na kitu. Akikwambia "mwanangu" unahisi umepakwa mafuta kichwani. Nilikwenda kwake na binti yangu, na moyo wangu umetulia kwa mara ya kwanza tangu likizo ianze.

"Shikamoo, bi mkubwa."

"Marahaba, mwanangu, marahaba mtoto wa shoga yangu! Pita. Na huyu ndiye mjukuu wangu? Mashallah, macho ya bibi yake haya, wallahi."

Akatupandisha mwenyewe ngazi kutuonyesha. Vyumba viwili, sebule, jiko lina dirisha lake, na ukisimama hapo unaiona ile minara ya zamani juu ya vilima. Basi la shule linasimama chini ya mlango. Akanitajia kodi nami nikakubali bila kuvutana.

"Basi hii yako," akasema. "Mie sikuulizi mume, sikuulizi chochote. Mtoto wa shoga yangu, nikuulize nini? Kimebaki kitu kimoja tu, kidogo. Niletee ripoti."

Alikuwa na sababu yake. Mpangaji aliyepita, kijana mmoja mtanashati, alimwachia cheki zisizo na kitu benki, akahama na viyoyozi vyote vya ukutani, akaacha matundu. Tangu siku hiyo bi mkubwa akaapa haamini tena cheki, haamini ndevu, haamini ukoo. Tatizo ni kwamba Kiarabu cha makaratasi hakijui. Msahafu anausoma vizuri kabisa, ila karatasi ya serikali akiishika huwa anaitazama tu. Kwa hivyo ripoti alikuwa akisomewa na mkwewe, mke wa mwanawe, kwa sauti. Na alikuwa akisomewa Jumatano.

Jumatano hapa Ibra ni soko la wanawake. Wanaume hawaingii. Wanawake huteremka kutoka vijijini kuuza na kununua, vitambaa, manukato, mapambo, kila kitu, na wakimaliza, wale wa kwetu hupumzika sebuleni kwa bi mkubwa kabla ya kurudi majumbani. Chai ya maziwa, halua, na ripoti za watu. Nilikuwa nimeshasikia. Sikujali hata kidogo. Mie katika maisha yangu sijawahi kumnyima mtu haki yake. Nilisema waisome, waisome na kipaza sauti wakitaka.

Nikaiagiza siku hiyohiyo. Nikaifungua ndani ya gari, injini inanguruma, binti yangu yuko nyuma anakula barafu.

Nilisahau mkopo wa duka! Jamani, mtu anasahau vipi kitu kama kile? Lakini nilikuwa nimekisahau, kwa sababu hakikuwa changu. Miaka ya nyuma mume wangu alitaka kufungua duka la vifaa vya ujenzi. Kampuni za mikopo hazikumtaka, hana mshahara unaojulikana. Mie ninao. Hapa kwetu hilo si jambo la ajabu: mke mwalimu, mke muuguzi, mke wa wizarani, ndiye anayetiwa mbele kukopa, mume anachukua pesa, anaahidi atalipa kila mwezi, na mke anayekataa anaambiwa hana imani. Nilitia sahihi mbele ya mama mkwe wangu, naye akapiga vigelegele kama nimezaa. Nambari ya simu tuliyoandika kule ilikuwa ya dukani, maana mlipaji ni yeye. Akalipa vizuri, muungwana. Siku nilipotoka kwake akaacha kulipa. Jumbe zote za kunikumbusha zilikwenda kwenye simu yake.

Nikampigia palepale.

"Mkopo wa duka," nikasema. "Hulipi."

"Aa, huo. Biashara imelala kidogo. Inshallah."

"Inshallah ya lini? Nitanyimwa nyumba kwa ajili yako! Unajua wazee walisema nini kuhusu mtoto."

"Najua. Nilikuwepo." Nikamsikia anahesabia mtu misumari. "Lakini wewe si ulisamehe kila kitu? Mbele ya kadhi? Basi na huo umesamehe."

Akacheka. Si kicheko cha ubaya, na hilo ndilo lililoniuma. Alicheka kama mtu aliyekumbuka kichekesho. Nikamtukana tusi ambalo mama yangu angelisikia angenipiga kofi la mdomo, nikakata simu. Binti yangu akauliza, "Nani huyo, mama?" Nikasema ni fundi.

Niliuza bangili zangu. Nilizipeleka kwa sonara wiki ileile, nikalipa malimbikizo yote mpaka senti ya mwisho, nikarudi nyumbani na mikono mitupu lakini kichwa juu. Nikaagiza ripoti nyengine. Nilidhani itakuja safi. Sikujua, na hakuna aliyenambia, kwamba kulipa kunalipa deni tu, hakufuti ulivyochelewa. Miezi yote ilikuwa pale pale, imejipanga, kila mmoja na doa lake. Niliirudia kuisoma kutoka juu mpaka chini kama inaweza kubadilika.

Nilikwenda nayo Jumatano hivyohivyo. Nilisema nitaeleza. Yule bi mkubwa alimjua mama yangu, atasikia.

Sebule ilijaa. Wakatupisha, wakatukalisha katikati, binti yangu akapewa kipande kikubwa cha halua. Nikataka nizungumze kwanza. Bi mkubwa akaninyamazisha kwa mkono, kwa mapenzi. "Tumia chai kwanza, mwanangu. Acha isomwe." Mkwewe akavaa miwani.

Alisoma kama wanavyosoma habari kwenye redio. Jina langu, kazi yangu, halafu mkopo, halafu miezi. "Amechelewa. Amechelewa. Hapa amechelewa. Hapa hakulipa kabisa."

"Ala!" akasema mmoja.

"Na mwalimu huyo," akasema mwengine.

"Mwalimu wa nini?"

Nilikuwa najua linakuja, na sikuwa na pa kukimbilia. "Wa hesabu," nikasema.

Sebule nzima ikapasuka. Walicheka mpaka mmoja akajifuta machozi kwa ncha ya mtandio. Mwalimu wa hesabu! Hata bi mkubwa alicheka, bega linamtikisika, akanipigapiga goti kuniambia nisichukie. Binti yangu naye akacheka, hajui kwa nini, kwa kuwa watu wazima wanacheka.

"Bi mkubwa," nikasema, "lile deni si langu. La baba yake huyu. Alichukua kufungulia duka, akaacha kulipa nilipotoka. Na malimbikizo nimeshayalipa mimi, risiti hii hapa."

"Jina la nani limeandikwa hapo, mwanangu?"

"Langu."

"Na sahihi?"

"Yangu."

"Alikushika mkono ukaandika?"

"Hakunishika."

"Basi unasema nini, mwanangu?"

Nikawatazama wale wanawake mmoja mmoja. Walikuwemo mule waliokopea waume zao magari na nyumba. Alikuwemo mmoja ambaye binti yake amekopa mpaka mshahara haumfikii mkononi, mume kajenga nyumba, kamtia humo mke wa pili. Namjua, na yeye anajua kwamba namjua. Alikuwa anatafuta kokwa ya tende iliyomponyoka kwenye zulia. Aliitafuta kwa bidii kubwa sana.

"Nitakupa kodi ya mwaka mzima mkononi," nikasema. Sijui ningeitoa wapi. "Kabla sijaingia. Hii karatasi ya mshahara wangu, tazama. Mtoto huyu wazee wamesema nisipopata nyumba shule zikifunguliwa ananitoka. Bi mkubwa, ananitoka!"

Akanishika kidevu. Mkono wake ulikuwa unanukia udi. "Mie nakupenda kama mwanangu wa kumzaa," akasema. "Ndo maana nakwambia hapa mbele ya watu, usije ukasema nimekusengenya. Nyumba sikupi. Kama hukulipa kwa watu wenye mahakama, utanilipa mimi kizee? Mama yako, Mungu amrehemu, alikuwa mtu wa kulipa. Alikopa kwangu kibaba cha mchele, akarudisha kibaba na kitu juu yake. Sijui wewe umetokea wapi."

Hapo nikasimama. Nikamwambia mama yangu alirudisha na kitu juu yake kwa sababu alijua amekopa kwa nani, na kwamba angekuwa hai leo angekuja kukitaka hicho kitu cha juu. Nikamwambia na mkwewe avue miwani, karatasi imekwisha. Nikawatakia wote chakula chema. Lilikuwa jibu zuri, na halikunisaidia kitu. Nilimvuta binti yangu mkono na halua yake, tukateremka.

"Mama," akasema ngazini, "kwani tumeiba?"

Nikamwambia anyamaze. Ndivyo nilivyomjibu, nyamaza.

Baada ya Jumatano ile Ibra ikafungwa. Sikuhitaji tena kupeleka ripoti, ilikuwa inatangulia yenyewe. Mwenye nyumba mmoja alinipokea vizuri, akanitazama, akatabasamu, akauliza, "Wewe ndiye yule mwalimu wa hesabu?" Nizwa nyumba zilikuwepo, lakini kutoka Nizwa nifike vipi kila asubuhi Dima wa Tayyin? Sur vilevile. Nikaomba uhamisho, nikaambiwa nisubiri. Wifi yangu akaleta mapazia mapya, akayatundika, akasema chumba kimependeza, sivyo?

Wiki ya mwisho ya likizo bi mkubwa akanipigia mwenyewe.

"Mwanangu, umenikasirikia?"

Nikazima jiko.

"Usinikasirikie. Nimekufanyia wema. Ile fleti nimempa baba yake mtoto. Mkewe mpya hataki kukaa na mama mkwe, basi mume akaja kuniomba. Nikasema heri huyu, mjukuu wangu atakaa palepale mama yake alipopataka. Si nimefanya vizuri?"

Nilikaa chini. Ilikuwa jikoni, sakafuni, karibu na gunia la mchele.

"Na ripoti?" nikauliza. "Yeye hukumtaka ripoti?"

"Nimemtaka, nimwache? Imesomwa Jumatano. Nyeupe, mwanangu! Nyeupe pee. Huyu mtu katika maisha yake hajakopa hata baisa moja."

"Bi mkubwa, hajakopa kwa sababu nimemkopea mimi! Nilikwambia. Weupe wake ni doa langu!"

"Ulinambia, ndiyo," akasema, na sauti yake ilikuwa tamu vilevile. "Nilikusikia siku ile, mie si kiziwi. Lakini mie napangisha, mwanangu. Napangisha kwa asiye na doa. Aliyempaka mwenziwe, hilo la Mungu."

Kwa hivyo alijua. Siku zote nilikuwa najipa moyo kwamba hakuelewa, kizee, Kiarabu hakijui, mkwewe kasoma vibaya. Alielewa kila neno. Nilimchukia hapo, na namchukia mpaka leo, na akinipa mkono sikukuu naupokea nikiwa namchukia.

Wazee wakaja siku ya shauri kama walivyoahidi. Hawakuwa wakali. Mmoja alisema, "Baba ana nyumba, mama hana, tutasema nini?" Nilizifunga nguo za binti yangu mwenyewe. Aliuliza kama atarudi Alkhamisi, nikasema ndiyo. Hakurudi Alkhamisi, kulikuwa na wageni kwa mama mkwe wangu wa zamani, wakamhitaji. Uhamisho wangu ulikuwa bado. Mkopo nikawa nalipa mimi, kila mwezi, kwa wakati.

Nilikwenda kumwona fletini shule zilipokuwa zimeshapamba moto. Mke mpya alinifungulia, mwanamke mdogo, mwenye haya, sina ubaya naye. Akanikalisha sebuleni. Akaita jikoni kwamba mgeni amefika.

Binti yangu akatoka na dele la kahawa mkono wa kushoto na vikombe mkono wa kulia, kama inavyotakiwa. Nywele kasukwa na mtu mwengine. Hakunikimbilia. Alinibusu mkono, akamimina kidogo, robo ya kikombe, akanipa, akasimama mbele yangu na dele lake akisubiri. Kwetu anayemimina haondoki mbele ya mgeni mpaka mgeni akitikise kikombe. Ukikitikisa umeshatosheka, anakipokea anakwenda zake. Usipokitikisa, anakumiminia tena, hata mara ngapi, na anabaki hapo amesimama.

Sikukitikisa. Nilikunywa, nikampa, akamimina. Nikamuuliza habari za shule, akasema nzuri. Nikanywa, nikampa, akamimina. Nikamuuliza analala vizuri, akasema kidogo. Mke mpya alikuwa ananitazama, na alielewa, akageuza uso. Nilikunywa kikombe baada ya kikombe, na mtoto amesimama karibu yangu kiasi cha kusikia pumzi yake, hajakaa, maana hajaambiwa akae.

Dele likaisha. Akaliinamisha kunimiminia, likatoka tone moja na unga wa iliki. Akanipokea kikombe, akasema kwa adabu kabisa, "Karibu tena, mama."